Ndege Iliyoshikwa kwa Deni la Shamba

*Mhadhara kwa wakazi, walimu na wanafunzi wa Makurunge, Bagamoyo*

 

Mwishoni mwa mwaka 2022, ndege moja ya Tanzania aina ya Airbus A220-300 ilizuiwa nchini Uholanzi kwa amri ya mahakama. Rubani hakuwa na kosa, wala ndege haikuwa imebeba kitu cha haramu. Ilizuiwa kwa sababu ya shamba, na shamba lenyewe haliko mbali. Ni ardhi ya hapa Makurunge, ile ambayo wengi wenu mnaiita Razaba mpaka leo.

Nitairudia habari hiyo kabla sijamaliza, maana ndiyo iliyonifanya niombe kuzungumza hapa badala ya kuzungumza Dar es Salaam. Ila ili ieleweke, lazima kwanza tujue shirika la ndege linachaguaje ndege zake. Nimekuwa fundi wa ndege kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kabla ya hapo nililelewa na baba mdogo aliyekuwa fundi wa majahazi pwani ya Bagamoyo. Kazi hizo mbili zimenifundisha jambo moja, nalo ndilo ninalotaka tukubaliane leo: anayechagua ndege huwa amechagua pia injini, fundi, ghala la vipuri, na neno la nchi yake. Vyote huja kwa pamoja. Kwa shirika dogo kama letu, kimoja kikilegea, ndege husimama.

Ndege za masafa ya kati

Kampuni ya Ndege Tanzania, yaani ATCL, ina ndege za abiria za makundi matatu. Yako mapangaboi, Dash 8 Q400, yenye viti 76, yanayotua hata kwenye njia fupi. Ziko Boeing 787 Dreamliner za safari ndefu, ambazo ukiingia ndani unakuta njia mbili za kupita katikati ya viti. Kati ya hizo kuna ndege za masafa ya kati, zenye njia moja tu ya kupita. Kwenye Airbus A220 viti ni viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili. Kwenye Boeing 737 ni vitatu kwa vitatu.

Kundi hili la katikati ndilo linalolisha shirika. Dreamliner huleta sifa, lakini ndege inayokwenda Mwanza alfajiri ikarudi, ikaenda Kilimanjaro ikarudi, jioni ikaenda Lusaka, ndiyo inayoingiza fedha ya kila siku. Ndege haipati kitu ikiwa chini. Kila saa inayokaa imeegeshwa, kodi, bima na mishahara vinaendelea kudai.

Tufanye hesabu ndogo, wanafunzi mnisaidie. Tuseme kuna abiria 90 wanaotaka kwenda Mwanza asubuhi. Ukiwapeleka kwa Q400, abiria 14 wanabaki uwanjani. Ukiwapeleka kwa A220 ya ATCL, yenye viti 132, ndege inajaa kwa asilimia 68. Ukiwapeleka kwa Boeing 737 MAX 9 yenye viti 181, nusu ya ndege inakwenda tupu. Abiria ni wale wale, nauli ni ile ile, lakini ukubwa wa ndege ndio unaoamua kama safari hiyo ni faida au hasara. Ndiyo maana swali la kwanza la mnunuzi linapaswa kuwa: abiria wetu ni wangapi, wanakwenda wapi, mara ngapi kwa siku? Swali la ndege ipi inapendeza linasubiri.

Kampuni ya Fastjet ililipata somo hilo hapa hapa nchini. Ilianza Novemba 2012 kwa Airbus A319, ikashusha nauli, ikawapandisha ndege watu ambao hawajawahi kupanda. Baadaye ikaziacha A319 na kuchukua Embraer 190, ambazo ni ndogo zaidi, kwa sababu viti vilikuwa vingi kuliko soko. Mwishoni mwa 2018 ikasimama kabisa. Kuna mambo mengine yaliyoiangusha, lakini kubadili ndege katikati ya safari ya biashara ni gharama ambayo shirika changa haliwezi kuibeba mara mbili.

Tulikotoka

Wazee mnaikumbuka East African Airways. Ilianzishwa mwaka 1946, ikawa mali ya nchi tatu, ikaruka na Comet, Super VC10, DC-9 na Fokker. Mwanzoni mwa 1977 ikafa, na mwezi Machi mwaka huo Tanzania ikaanzisha shirika lake, Air Tanzania Corporation.

Uamuzi wa wakati ule unastahili heshima kuliko unavyopewa. Nchi changa, yenye fedha kidogo, ilinunua Boeing 737-200 mbili za aina moja, tena zile za kubadilika, zenye mlango mkubwa wa mizigo: leo zinabeba watu, kesho zinabeba shehena. Ndege mbili, aina moja ya injini, kundi moja la marubani, kabati moja la vipuri. Moja ikiharibika, ya pili ilikuwa mwalimu na ghala lake. Ziliitumikia nchi kwa takriban miongo miwili. Mwaka 1982 mojawapo ilitekwa ikitoka Mwanza, ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, mpaka Stansted, Uingereza. Ikarudi, ikaendelea na kazi.

Kilichofuata hakikuwa na utulivu huo. Mwishoni mwa 2002 hisa asilimia 49 ziliuzwa kwa South African Airways kwa dola milioni 20. Mwaka 2006 ndoa hiyo ikavunjika. Kisha ikaja Airbus A320 ya kukodi. Mkataba ulisainiwa 2007 kwa muda wa miaka sita, Serikali ikaweka dhamana. Ndege iliruka kwa miezi michache ya mwaka 2008, ikapelekwa nje kwa matengenezo makubwa, haikurudi kutuhudumia. Kodi iliendelea kuhesabiwa mwezi baada ya mwezi, na deni likabaki shingoni mwa Serikali kwa miaka mingi baadaye.

Naomba tulitazame kosa hilo kwa makini, kwa sababu A320 ni ndege nzuri. Maelfu yake yanaruka duniani. Kilichokosekana ni maswali yanayoulizwa kabla ya kusaini: ndege ina umri gani, matengenezo makubwa yanaangukia mwezi gani, na gharama yake ni ya nani, mwenye ndege au anayeikodi? Anayekodi ndege iliyokaribia matengenezo makubwa amekodi deni.

Tarehe 1 Machi 2010, Boeing 737-200 ya kampuni iliteleza nje ya njia ya kurukia Mwanza wakati wa mvua. Tunashukuru hakufa mtu, lakini ndege haikuruka tena. Shirika la taifa likabaki karibu mikono mitupu.

Uamuzi wa mwaka 2016

Mwaka 2016 Serikali ya Awamu ya Tano iliamua kulifufua shirika kwa kununua ndege mpya kwa fedha taslimu. Zilianza kuja Q400 mbili, zikazinduliwa Septemba mwaka huo. Desemba ziliagizwa ndege nyingine, zikiwamo CS300 mbili za kampuni ya Bombardier ya Canada. Kabla hazijakabidhiwa, Airbus ilichukua sehemu kubwa ya mradi huo, Julai 2018, na CS300 ikabatizwa A220-300. Ya kwanza iliwasili Dar es Salaam tarehe 23 Desemba 2018, ikiwa imepewa jina la Dodoma; ya pili, Ngorongoro, ilifika Januari 2019. Tanzania ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kurusha A220. Nyingine mbili zilipokelewa Zanzibar Oktoba 2021.

Mimi ni mmoja wa waliofurahi, na sijutii furaha ile. Kwa ukubwa, A220 ilikuwa chaguo sahihi. Ilikaa vizuri katikati ya Q400 na Dreamliner. Inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 6,000, kwa hiyo asubuhi inakwenda Mwanza na mchana inaweza kwenda Johannesburg. Inakula mafuta kidogo kuliko ndege za kizazi kilichotangulia, na mafuta ni miongoni mwa gharama kubwa kabisa za shirika lolote la ndege.

Lakini ukubwa ni sehemu moja tu ya chaguo. Ndege ile ilikuja na aina moja tu ya injini, Pratt & Whitney PW1500G. Mnunuzi hana nafasi ya kuchagua nyingine. Ukiichukua A220, umeichukua injini hiyo na yote yatakayoipata.

Injini

Nieleze injini hiyo kwa lugha ya kawaida. Mbele ya injini ya ndege kuna feni kubwa mnayoiona mnapopanda. Nyuma, ndani kabisa, kuna magurudumu ya mapanga madogo yanayozungushwa na gesi ya moto. Katika injini nyingi, feni na magurudumu ya nyuma yanayoiendesha vimefungwa kwenye mhimili mmoja, vinazunguka kwa kasi moja. Hapo pana mgongano: feni kubwa inafanya kazi vizuri ikizunguka polepole, magurudumu ya nyuma yanafanya kazi vizuri yakizunguka kwa kasi. Wahandisi wa Pratt & Whitney waliweka giaboksi katikati ili kila upande uende kwa mwendo wake. Matokeo yake hewa inayopita pembeni ya kiini cha injini ni mara 12 ya ile inayopita ndani. Katika injini za zile 737-200 zetu za zamani, uwiano huo ulikuwa karibu moja kwa moja. Hapo ndipo mafuta yanapookolewa, na kelele inapopungua.

Uhandisi huo ni wa kupendeza. Shida ilijitokeza ndani zaidi, kwenye sehemu zinazokaa karibu na moto. Injini inayobana mafuta huchoma kwa joto kali, na sehemu hizo zilichakaa mapema kuliko ilivyotarajiwa, hasa katika nchi za joto na vumbi. Kwetu kuna jambo la ziada. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Johannesburg karibu mita 1,700. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya joto ni nyepesi zaidi. Injini inalazimika kujikamua ili ndege inyanyuke. Kila kuruka kwa namna hiyo kunakula umri wake.

Novemba 2022 ATCL iliwatangazia abiria kwamba baadhi ya A220 zimeondolewa katika huduma kwa sababu ya injini, na ratiba ikavurugika. Julai 2023 kampuni mama ya Pratt & Whitney, RTX, ilitangaza kasoro katika unga wa metali uliotumika kutengeneza baadhi ya sehemu za injini za ukoo huu. Septemba ikasema injini 600 hadi 700 zaidi, za ndege za A320neo, zitaondolewa kwenye mabawa kati ya 2023 na 2026, na kila moja itachukua siku 250 hadi 300 mpaka irudi. Karakana zinazotengeneza injini hizi duniani ni chache. Foleni ikarefuka kwa wote.

Sasa tazameni tofauti ya mkubwa na mdogo katika foleni moja. airBaltic ya Latvia ina zaidi ya A220 40. Ikisimama moja, imepoteza kama asilimia mbili ya uwezo wake. Sisi tuna nne. Ikisimama moja, tumepoteza robo. Zikisimama mbili, nusu ya safari zinatafuta ndege. airBaltic nayo iliumia, ikakodi ndege na wafanyakazi wa wengine ili safari zake zisife. EgyptAir, iliyokuwa na 12, iliamua mwaka 2024 kuziuza zote kwa kampuni ya kukodisha ndege. Kwa hiyo hatukuwa peke yetu, wala si kweli kwamba Mtanzania alidanganywa peke yake. Kilichotuumiza zaidi ni kwamba tuliingia na ndege chache mno, bila injini za akiba za kutosha kusubiria foleni.

Nikiwa kijana karakanani, katika kampuni ambayo haina haja ya kutajwa, tuliegesha ndege siku kumi na moja tukisubiri pampu moja inayoweza kubebwa kwa mkono mmoja. Abiria walitutukana, nasi tulistahili. Yule aliyesaini kununua ndege hakusaini kununua pampu ya pili. Tangu siku hiyo, nikiona ndege mpya inapokelewa kwa kumwagiwa maji uwanjani, jicho langu linatafuta kasha la injini ya akiba.

Gharama ya kusimama kwa A220 inaonekana kwenye vitabu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinaonyesha ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23, na mwaka uliofuata bilioni 91.8. Injini si sababu pekee, lakini kodi ya ndege iliyo chini hulipwa na ndege zilizo juu, na zilizo juu zilikuwa chache.

Familia mbili katika nyumba ndogo

Novemba 2021, katika maonyesho ya anga ya Dubai, Tanzania ilitangaza kununua kutoka Boeing ndege nne: Dreamliner moja, 767 moja ya mizigo, na 737 MAX mbili. MAX 9 ya kwanza ilifika Oktoba 2023, ya pili Machi 2024.

Jina la MAX halitamkwi kirahisi Afrika Mashariki. Tarehe 10 Machi 2019, MAX 8 ya Ethiopian Airlines ilianguka dakika chache baada ya kuruka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaua watu wote 157. Miezi isiyofika mitano kabla, nyingine ya Lion Air ilikuwa imeua 189 huko Indonesia. Ndege zote za aina hiyo zilisimamishwa duniani, mfumo wa usukani ukasahihishwa, na Marekani ikaziruhusu tena Novemba 2020. Waliopotea tunawaombea. Ndege ya leo imefanyiwa marekebisho na mafunzo yake yamebadilishwa, sitawatisha nayo.

Hoja yangu juu ya MAX ni nyingine. Ilikuja na injini ya LEAP-1B ya kampuni ya CFM, isiyo na ile giaboksi, kwa hiyo ikaliokoa shirika wakati A220 zimesimama. Huo ni msaada mkubwa na lazima usemwe. Lakini pia ilileta familia ya pili. Rubani wa A220 haruhusiwi kuirusha 737 mpaka asomee na kupimwa upya. Fundi naye hivyo hivyo. Vipuri havishirikiani, vifaa vya karakana havifanani. Tuna ndege sita tu za masafa ya kati, zimegawanyika nne na mbili. Rubani wa Airbus akiugua, rubani wa Boeing aliyekaa nyumbani hawezi kumshikia zamu.

Southwest ya Marekani na Ryanair ya Ireland zilijenga biashara zao juu ya 737 kwa miongo mingi. Watu hudhani ni mapenzi ya chapa. Ni hesabu: aina moja ya ndege maana yake kila rubani ni akiba ya kila rubani, na kila kipuri ni akiba ya kila ndege. Shirika kubwa linaweza kumudu familia mbili au tatu. Nyumba yenye sufuria sita haihitaji majiko ya aina mbili.

Shamba la Makurunge

Sasa turudi nyumbani. Ardhi ya Razaba ilitolewa miaka ya 1970 kwa Serikali ya Zanzibar iwe ranchi ya ng'ombe, ndiyo asili ya jina lake: Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Ranchi ilipofifia, ikaja kampuni ya Sweden, EcoEnergy, na mradi wa kulima miwa na kutengeneza sukari katika hekta zipatazo 20,000. Nyinyi wa Gama na Kitame mnajua kuliko mimi miaka ile ilikuwaje: watu wa vipimo, mikutano, ahadi za kuhamishwa na kulipwa, kulima huku hujui kama utavuna. Mwaka 2016 Serikali ikaifuta hati. Kampuni ikaenda kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji cha Benki ya Dunia, na Aprili 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa kiasi cha dola milioni 165. Sehemu ya ardhi ile leo inalimwa miwa ya kiwanda cha Sukari Bagamoyo cha Bakhresa.

Fedha hazikulipwa upesi, mdai akatafuta mali ya Serikali iliyo nje ya nchi. Akaipata A220 yetu Uholanzi, ilikokuwa imepelekwa kwa matengenezo. Baadaye iliachiwa. Lakini pimeni kiasi kile: bei ya orodha ya A220-300 mwaka 2018 ilikuwa dola milioni 91.5, na wanunuzi hupunguziwa. Hukumu ya shamba moja la Makurunge ilikaribia bei ya ndege mbili.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2017 Q400 yetu ilizuiwa Canada kwa deni la dola milioni 38 lililotokana na mkataba wa ujenzi wa barabara ya Wazo hadi Bagamoyo. Ilifika nchini Aprili 2018. Agosti 2019 A220 ilizuiwa Johannesburg kwa madai ya mkulima aliyenyang'anywa mali miaka ya 1980, ikaachiwa mapema Septemba. Barabara ya Bagamoyo, shamba la Bagamoyo: mara mbili, kilichofanyika katika ardhi yetu hii kimeishika ndege ya taifa ugenini.

Kwa nini ndege? Kwa sababu zilinunuliwa na Serikali, zikamilikiwa kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, kisha zikakodishwa kwa ATCL. Mdai wa Serikali akiiona, anaona mali ya mdaiwa wake. Wapo wanaosema dawa ni kubadili jina la mwenye ndege kwenye hati. Kuna faida katika hilo: shirika linalomiliki ndege zake linabeba hesabu zake lenyewe, na wadai wa barabara hawaligusi kirahisi. Lakini kubadili jina hakulipi deni la haki. Nchi iliyovunja mkataba italipa, kwa ndege au kwa kitu kingine, na mlipaji wa mwisho ni mkulima na mvuvi wa hapa. Kabla ya kuificha ndege, tuusome mkataba kabla hatujausaini, na tukitaka kuuvunja, tujue bei ya kuuvunja siku hiyo hiyo.

Angalieni pia kilichoifikisha ndege Uholanzi: matengenezo. Shirika lisilo na uwezo wa kutosha nyumbani hupeleka ndege zake nje, na nje ndiko ziliko mahakama za wadai. Upungufu wa karakana na upungufu wa uaminifu wa mikataba vilikutana kwenye uwanja mmoja.

Tufanyeje

Sina cheo cha kuamua, lakini mhadhiri asiyesema msimamo wake amewapotezea watu muda. Wangu ni huu.

Kwanza, tusilete familia ya tatu ya ndege za masafa ya kati, na ndege zijazo ziongezwe katika familia zilizopo. Mimi ningebaki na A220 kwa safari za ndani na nchi jirani, kwa sababu ukubwa wake ndio ukubwa wa soko letu, na MAX ziende kwenye safari zenye watu wa kuzijaza.

Pili, kabla ya ndege nyingine kununuliwa, zinunuliwe injini za akiba, na mkataba wa matengenezo useme wazi mtengenezaji atalipa nini kila siku injini inapokaa kwenye foleni yake. Najua injini iliyofunikwa turubai haivutii mtu kuja kuipokea uwanjani. Ndiyo itakayofanya ndege nne ziwe nne.

Tatu, karakana ya matengenezo ya ndege ya Kilimanjaro ipewe uzito ule ule tunaoupa ununuzi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha mafundi wa ndege. Wanafunzi wa Makurunge mnaosoma fizikia na hesabu, hiyo ni kazi yenu. Giaboksi niliyoieleza hapa haina uchawi. Ni meno ya chuma, mafuta ya kulainisha na hesabu za uwiano mnazozifanya darasani.

Nne, hesabu za kila aina ya ndege ziwekwe wazi kila mwaka: ilikaa juu saa ngapi, ilikaa chini siku ngapi, kwa sababu gani. Mwenye mali asiyeonyeshwa daftari huishia kubishana juu ya rangi ya ndege.

Baba yangu mdogo alipofuatwa na tajiri anayetaka jahazi, hakuanza na mbao wala urefu wa mkuku. Alimuuliza: kila mwaka likipandishwa pwani, nani atalikalafati, na kwa fedha ipi? Tajiri asiyekuwa na jibu aliambiwa aende akatafute jibu kwanza, kisha arudi. Wengine walikasirika wakaenda kwa fundi mwingine. Wengine walirudi baada ya mwaka, wakiwa na jibu, na majahazi yao niliyaona yakiingia bandarini Bagamoyo mpaka nilipokuwa mtu mzima.